Umepata Jiko, Murshid?

"Jiko liko wapi, Murshid?"

Ndivyo nilivyoingia. Hata salamu sikutoa, na mie mtoto wa Tanga, nimelelewa kwa salamu. Begi la safari nilikuwa nimelikokota tangu uwanja wa ndege mpaka Mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou, China, nikalipandisha ngazi juu ya duka la simu, nikasukuma mlango wa mgahawa kwa bega.

Ilikuwa Ijumaa mchana, watu wametoka kuswali, meza zimejaa. Vitambaa vyekundu vya drafti, kuku wa kukaanga wanaletwa kwenye vikapu vilivyotandikwa karatasi, makaroni yenye jibini, mkate wa mahindi, chai ya baridi yenye sukari tele. Nusu ya Watanzania wa Guangzhou walikuwa mle wanatafuna. Na katikati yao huyo Murshid, mwanaume wangu kwa miaka miwili, kavaa aproni, uso unang'aa jasho na furaha.

"Shamsia! Umefika lini? Wiki mbili nakupigia hupatikani!"

"Nimekuuliza jiko liko wapi."

Akacheka. Wallahi alicheka!

"Kumbe umesikia! Liko nyuma huko."

Kabla hujanilaumu, nikusomee alichoandika kwenye kundi letu la WeChat wakati mie niko nyumbani Tanga:

"Wadau, alhamdulillah, hatimaye nimepata jiko. Kuanzia sasa nipo kwa Bimdogo, Dengfeng. Ijumaa ya mwisho wa mwezi karibuni tule tufurahi."

Mwanaume akisema kapata jiko, ana maana gani? Kaoa! Na si kuoa tu, yuko kwa bi mdogo, maana yake na bi mkubwa yupo mahali! Chini yake hongera kama mvua. Nikamfungia simu hapo hapo. Nikalia siku tatu. Ya nne nikamwambia mama, wale watu wa Abass waliokuwa wanataka kuleta posa, waje. Na walikuwa wanakuja leo, baada ya swala ya Ijumaa ya Tanga. Huku nilirudi kufuata mzigo wangu wa nguo soko la Shahe. Lakini nikasema siuchukui mzigo mpaka niuone uso wa huyo mwanamke.

"Ulilipata wapi?" nikamuuliza. Kama yeye mkewe anamwita "li", na mie nitamwita "li".

"Foshan. Kuna laoban, bosi mmoja wa Kichina, alikuwa nalo miaka sita, akalichoka. Akaniambia kama nalitaka nilichukue."

"Miaka sita na Mchina!"

"Usijali, bado zima kabisa. Lilikuwa chafu tu. Nimelisugua kwa sabuni siku mbili, mimi na rafiki yangu Heriel, yule pale mezani."

"Na Heriel?"

"Heriel ana mikono, aisee! Halafu kulipandisha hizi ngazi tulikuwa watu wanne. Zito hilo, usione hivi."

Meza ya karibu waliacha kutafuna.

"Huna haya, Murshid? Mwanamke wa watu unamsema hivyo mbele ya kadamnasi? Mwite aje hapa nimwone!"

"Mwanamke gani?"

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mama mmoja mnene, mvi zimechomoza chini ya kilemba, mkononi koleo la kugeuzia kuku.

"Nani anapiga kelele kwenye ufunguzi wangu?"

"Wewe nani?" nikamwuliza.

"Mimi Bimdogo."

"Ndiye wewe! Bi mdogo mwenyewe!" Nikamgeukia Murshid. "Huyu ni rika la mama yangu! Umekosa hata wa kukufaa?"

Yule mama akanitazama, akamtazama Murshid, akaniambia:

"Hebu mwanangu, nionyeshe ulichosoma."

Nikampa simu. Akasoma. Akasoma tena. Halafu akavuta kiti akakaa, akaanza kucheka, koleo likamponyoka.

"Bimdogo ni jina langu, niliitwa na bibi yangu Bagamoyo! Miaka kumi na miwili nimekaanga kuku Georgia, Marekani, hakuna aliyenifanya mke mwenza. Leo ndiyo leo! Murshid, mpeleke akalione."

Nikapelekwa nyuma. Jiko la gesi. La chuma, pana kama kitanda cha sita kwa sita, matundu sita ya moto, pembeni karai la mafuta linachemka na mapaja ya kuku ndani. Nililigusa kwa kidole kuhakikisha. Likaniunguza.

"Jiko," nikasema.

"Jiko," akasema Murshid, na sasa ndipo alipoelewa. "Shamsia! Ulidhani nimeoa?"

"Kwa nini hukuandika jiko la gesi?"

"Nani anaandika jiko la gesi? Jiko ni jiko!"

"Watu wote wale wamekupa hongera!"

"Nilidhani wamelifurahia jiko!"

Nilitaka kukasirika, kicheko kikanitoka puani. Tukacheka hadi tukashikana mabega. Akaniketisha meza ya dirishani, akaniletea kikapu. Kuku wamelazwa kwenye mtindi tangu jana, unga wake una pilipili manga, ukiuma, ganda linalia. Sukuma wiki zimepikwa na bata mzinga wa kukausha kwa moshi. Nikala paja la kwanza. Nikala la pili. Nilipofika la tatu nikakumbuka Tanga, nikalirudisha kikapuni nusu.

"Nini tena?" Murshid akauliza.

"Murshid, nimeshamkubali mtu."

Nikamweleza. Alisimama pale na jagi la chai mkononi, furaha yote ikamtoka usoni. Sijawahi kumwona vile.

"Wanakuja saa ngapi?"

"Saa nane, saa za nyumbani."

Akatazama saa ya ukutani, akahesabu kwa vidole.

"Sasa hivi Tanga ni saa tatu asubuhi. Mpigie mama."

"Nimwambie nini?"

"Ukweli. Na mimi nitasema wangu."

Nikapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika salama? Sema upesi, nachambua mchele wa wageni."

"Mama, ya Abass yasimamishe. Murshid hajaoa."

"Wewe si ndiye uliyenisomea ujumbe? Kapata jiko!"

"Lilikuwa jiko la gesi, mama."

Kuku wa mama, wale walio hai, nikawasikia wanatetea nyuma.

"Rudia."

"La gesi. La kukaangia kuku."

"Nipe huyo mwanaume."

Murshid alifuta mikono kwenye aproni mara tatu ndipo akaishika simu. Nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miaka miwili unamzungusha mwanangu. Kwa nini hukutuma mtu?"

"Niliogopa, mama. Nilikuwa nazunguka Xintang nawanunulia watu jinzi, sina changu. Nikasema nikija mtaniuliza nafanya kazi gani, nitajibu nini? Nikangoja nipate pa kusimama."

"Na sasa unafanya kazi gani?"

"Nakaanga kuku."

"Kuku."

"Wa Kimarekani, mama. Nina ubia na shangazi mmoja hapa."

"Kuku wa Kimarekani, China, anamkaanga mtu wa Temeke! Haya, washa video, nimwone mwanangu."

Nikawasha. Mama alisogeza uso mpaka nikaona pua tu.

"Hicho nini kinang'aa kidevuni?"

"Mafuta, mama."

"Umekula vipande vingapi?"

"Viwili."

"Na nusu!" Bimdogo akadakia kutoka kaunta.

Mama hakucheka. Akaketi, simu ikatulia.

"Wiki mbili, Shamsia. Wiki mbili pilau langu ulikuwa unaligeuzageuza tu, ukidhani sikuoni. Usiku nilikuwa nakufungulia mlango nione kama unapumua. Nikawakubali watu wa Abass nikijua nakutafutia dawa." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kula, mama yangu. Mmalize huyo kuku."

Machozi yakanidondokea kwenye kikapu. Sikujali nani ananiona.

"Wewe kijana," mama akaendelea, "una mtu mzima yeyote huku Tanga?"

"Mjomba wangu Rahim, yuko Muheza."

"Mama yake Abass nitamwomba radhi mwenyewe, sasa hivi, kwa mdomo wangu. Lakini majirani wanajua leo kwangu kuna posa. Saa nane mlango huu ubishwe na mtu mwenye kanzu. Usipobishwa, usinipigie tena."

Akakata. Murshid akachomoa simu yake, akampigia mjomba wake kwa sauti ya nje.

"Mjomba, shikamoo! Uko wapi?"

"Marahaba. Sokoni, nauza machungwa. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, nataka kuoa!"

"Sasa mbona unapiga mayowe?"

"Acha machungwa, kavae kanzu, nenda Tanga mjini ukaniposee kabla ya saa nane."

"Leo? Wewe mtoto una wazimu? Na barua?"

"Iandike wewe, mjomba. Nakuomba. Nikimkosa huyu sijui nitafanya nini."

Nikamsikia mjomba anamwita mtu amshikie machungwa.

"Nitumie jina lake kamili," akasema. "Na la baba yake. Usikosee herufi."

Yale masaa sitaki tena maishani. Nilibeba vikapu, nikamwaga chai, nikampelekea mteja makaroni asiyoagiza. Murshid aliunguza mafungu mawili ya kuku, Bimdogo akamfukuza kwenye mafuta. Jua la Guangzhou lilikuwa limeshashuka simu ilipolia. Ujumbe wa mama:

"Mjomba wake kafika saa nane kasorobo, kanzu inanukia machungwa. Nimepokea. Anakula huyo, mikono miwili! Haya taja mahari, wanakungoja wewe."

Nilimpa Murshid asome. Akaruka, akagonga kichwa kwenye taa.

"Taja! Taja chochote, Shamsia!"

"Ngoja. Kaa kwanza."

"Kuna wateja."

"Kaa."

Akakaa.

"Umemwambia mama yangu. Umemwambia mjomba wako. Sasa hivi soko zima la Muheza linajua. Mie mwenyewe miaka miwili hujawahi kuniambia. Unaniambia tutaona, inshallah, mambo yakikaa sawa. Niambie. Neno lenyewe, kwa mdomo wako."

Masikio yalimwiva. Meza zote zikatugeukia, hata Heriel aliweka paja chini.

"Shamsia," akasema, "nakupenda. Nataka uwe mke wangu."

"Sikusikia, feni inapiga kelele."

"NATAKA UWE MKE WANGU!"

Chini, mwenye duka la simu alitoka nje kutazama juu kuna nini.

"Nimekubali," nikasema. Nikamwandikia mama: msahafu mmoja na cherehani ya umeme. Halafu nikamsogezea Murshid kikapu, maana tangu asubuhi alikuwa hajaweka kitu mdomoni.