Anwani Iliyoibwa Saa ya Sala

Mwizi wa zahanati hakuvunja kufuli. Aliiba mtandao, na nusura mtu afe.

Jioni ile Malia alikuwa katika uchungu wa uzazi, damu haikatiki, muuguzi Losa akifuata maagizo ya daktari wa Apia, mji mkuu wa Samoa, kwenye kompyuta. Picha ikaganda. Sauti ikapotea. Losa alimwokoa kwa mikono yake na kwa rehema za Mungu, lakini kaka zake Malia walikwenda polisi: muuguzi alizima kompyuta akaenda kusali. Asipopatikana mkosaji mwingine, Losa hana kazi.

Inspekta Pulotu aliketi mbele ya kompyuta hiyo.

"Mtandao hukatika lini?"

"Saa ya sala tu, afande. Kila jioni."

"Nani mwingine huigusa?"

"Kamati ya wanawake, wakija kukagua usafi."

Pulotu akafungua mipangilio ya adapta ya mtandao. Haikuzimwa, wala haikuwekwa ijizime ili kubana umeme.

"Wewe ni polisi au fundi redio?" Losa akamtania, macho yamevimba kwa kulia.

"Mshahara ni uleule, dada."

Kombe la bahari likapulizwa kuita sala. Kijiji kikaingia ndani kusali, vijana wakasimama barabarani kuzuia wapitao. Saa hiyo hapiti mtu. Pulotu akazima kompyuta, kisha akatazama kwa simu yake vyombo vilivyoshika mtandao. Anwani ya adapta ileile, namba inayoitambulisha mtandaoni, bado ilikuwa hewani!

"Kuna mtu ameipa adapta yake anwani ya hii yako. Mtandao unamkaribisha ukidhani ni wewe. Mkiingia wawili, mnasukumana."

"Nani huyo?"

"Saa hii hatembei mtu, kwa hiyo yuko ndani ya nyumba. Mtandao huu unafika nyumba gani?"

Losa akachungulia dirishani. Ilikuwa moja tu, ya mchungaji.

"Mama Sieni, mkewe? Aliyenifundisha kusoma?"

Sala ilipokwisha, Pulotu alivua viatu mlangoni kwa mke wa mchungaji.

"Mama, unajua kubadili anwani ya adapta?"

"Nilifanya kazi ofisi ya simu, mwanangu."

"Ya zahanati uliipata wapi?"

"Imebandikwa nyuma ya kompyuta. Niliiona tukikagua vumbi."

"Kwa nini, mama?"

Sieni akainamisha kichwa. "Niache hadi asubuhi. Niliowakosea wasikie kwanza."

Kulipokucha Sieni alikuwa amepiga magoti mbele ya zahanati, amefunikwa mkeka wa heshima gubigubi, kama ilivyo desturi ya kuomba msamaha. Asiyefunuliwa hajasamehewa. Malia alitoka na kichanga chake, kaka zake nyuma, wamenuna.

Sauti ikatoka chini ya mkeka.

"Mwanangu Iakopo yuko jela Auckland. Wanamruhusu kuniona kwa video saa ya sala tu, tukasali pamoja. Niliona haya kuomba mtandao, maana mngeniuliza yuko wapi. Malia alipokaribia kufa nilishuku ni mimi. Nikanyamaza, nikaendelea. Losa hana kosa."

Kaka zake Malia wakatazama chini. Losa akamwangalia Malia, Malia akaitikia kwa kichwa. Wakashika mkeka huku na huku, wakaufunua.

"Inuka, mama," Losa alisema, machozi yakimtiririka. "Umenirudishia jina langu. Asante. Jioni njoo na kitabu chako cha nyimbo, tumsalimie Iakopo sote. Ila akija mgonjwa, amina iwe fupi!"

Sieni akacheka na kulia kwa pamoja. Malia akamwekea mtoto mikononi.