Uzi Ulioanguka Majivuni

Koleta alifagia uwanja, akachota maji, akarudi kuufagia tena. Hakuweza kutulia. Ndani ya nyumba yao ya Chemchem, mama yake, Bernadeta, alikuwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto aliyetangulia alikakamaa kwa pepopunda, akafa siku ya saba.

"Utachimba kisima kwa ufagio huo!" alisema bibi yake, Nyamizi. "Njoo uangalie sufuria ya mkunga."

Mkunga, Mama Apolinaria, alifika alfajiri kwa baiskeli. Sufuriani mlichemka wembe na uzi wa kufungia kitovu. Alikwisha kumwonya Koleta: "Opoa kwa kijiti, tia katika bakuli safi. Usiguse kwa mkono."

Koleta akaopoa kwa pupa. Uzi ukaponyoka, ukaanguka majivuni. Akauokota, akaukung'uta, akautia bakulini.

Bibi alimwona. "Usihangaike, mwana wane. Wazee wetu waliobeba pembe za ndovu hadi pwani, vitovu vyao vilipakwa majivu."

Koleta akalifikisha bakuli mlangoni bila kutaja majivu. Bakuli likaingia ndani. Mara mtoto akalia. Koleta akasukuma mlango.

"Usifunge, Mama Apolinaria! Uzi ulianguka majivuni, nikaficha!"

"Toka! Mtoto haingii hapa!" Bibi, aliyemfuata ndani, alifoka akimfunika Bernadeta kanga.

"Amekwisha kuingia," alisema mkunga. Hakupandisha sauti. "Chemsha mwingine, Koleta. Wembe nao."

"Mtoto hatakufa akingoja?"

"Tazama kitovu. Kinafanya nini?"

"Kinadunda!"

"Basi bado kina kazi. Nenda."

Safari hii Koleta alisimama juu ya sufuria bila kupepesa macho. Aliporudi, kitovu kilikuwa cheupe, kimelegea.

"Kimekufa?"

"Kimemaliza kazi," alisema mkunga akifunga. "Tumboni mtoto havuti hewa. Damu yake hupita humu hadi kwenye kondo la nyuma, ikachukue hewa na chakula kutoka kwa mama. Lakini damu zao hazichanganyiki. Ndani ya moyo wake kuna kijilango. Damu nyingi hupita hapo, kwa kuwa mapafu bado hayana kazi. Akilia mara ya kwanza, mapafu hufunguka, damu hukimbilia huko, na kijilango husukumwa kikajifunga."

"Na majivu?"

"Kidonda cha kitovu ni njia ya kuingilia mwilini. Vijidudu vya pepopunda vinaweza kuwa majivuni, vikapita humo."

Bibi Nyamizi aliinamisha kichwa. Mwaka uliopita ni yeye aliyekipaka majivu kitovu cha yule aliyekufa.

Siku saba Koleta hakulala vizuri. Kila asubuhi aligusa taya la mdogo wake, aone kama limekaza. Siku ya nane mtoto alinyonya kwa nguvu hadi Bernadeta akaguta, "Pole pole, wewe!"

Mama Apolinaria alirudi, akakikagua kitovu: kikavu, safi.

"Kuangusha uzi si dhambi, Koleta," alisema. "Hata mimi nimewahi kuangusha. Ila kosa linalofichwa humwangukia asiyeweza kujitetea. Liseme mapema, wakati bado kuna maji ya kuchemsha."