Ati Nibatizwe Ndio Niolewe?

— Ati barua ya pasta? Hapa ni ofisi ya serikali ama ni kanisa?

Arafa alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu ya meza. Wahome, afisa wa kusajili ndoa mjini Bungoma, alizisukuma fomu kando.

— Dada, siwezi kufungisha ndoa ya Mwislamu na Mkristo hivi hivi. Lete barua kwamba umebatizwa, tuendelee.

— Nionyeshe mahali sheria inasema hivyo.

— Usinifundishe kazi.

Arafa alimgeukia mchumba wake, Bethwel, mwalimu wa Kabuchai. Alikuwa anatazama viatu vyake.

— Bethwel, si uongee! Tulikuja hapa kwa kuwa hakuna mtu wa kutuuliza dini. Baba hajaniongelesha miezi mitatu kwa sababu yako, na wewe umenyamaza?

— Mpenzi, ubatizo ni maji tu. Si ungekubali yaishe?

Wahome akaguna.

— Mbona unanipigia mimi kelele? Muulize huyu. Tunaimba kwaya moja. Ni yeye aliniomba nikubane mpaka ukubali.

Arafa alimgeukia Bethwel tena.

— Ni kweli?

— Mama alikuwa ananisumbua... nilidhani...

— Ulidhani nini? Kwa mdomo wako uliniambia, baki na dini yako, nami nibaki na yangu. Kumbe ulienda kutafuta serikali inibatize!

Alinyakua fomu, akazirarua, akatoka bila kuaga.

Kesho yake alikuwa Kitale, kwenye duka lake la vitambaa karibu na msikiti, akikata kitenge kwa hasira mpaka wateja wakaogopa kuuliza bei. Bethwel alipiga simu mara kumi na nne. Hakushika hata moja. Siku ya tisa ujumbe ukaingia:

"Arafa, nimeandikia wakubwa wa Wahome malalamishi. Kosa langu pia nimeliandika, na jina langu. Mama nimemwambia ukweli. Sikuombi kitu."

Aliusoma mara mbili, halafu akampigia.

— Ukinitaka, nakuja na dini yangu yote. Ramadhani, hijabu, kila kitu. Umeskia?

— Nimeskia.

— Na bado nimekasirika.

— Najua, Arafa.

Walijaza fomu upya. Wiki tano baadaye, afisa mwingine, mama wa makamo mwenye miwani, aliwasomea kiapo. Hakuuliza nani anaswali wapi. Baba yake Arafa hakuja. Mama yake Bethwel alikuja, akakaa nyuma amenuna, Biblia mapajani.

— Unamkubali Bethwel kwa hiari yako?

Arafa alimtazama Bethwel mpaka mwanamume huyo akatokwa na jasho.

— Kwa hiari yangu. Hakuna mtu amenisukuma.

Walipotoka nje, Bethwel alinyoosha mkono. Arafa alimwachia vidole viwili tu.

— Hivi vingine utangoja, bana. Hasira haijaisha.

Bethwel akavishika hivyo hivyo viwili, wakavuka barabara.