Gunia la Nywele

Mimi ni kinyozi, na kazi yangu nusu ni mashine, nusu ni mdomo. Wateja wamenizoea hivyo. Lakini haya hawajawahi kuyasikia kwangu, na wewe ukiniona nimenyamaza katikati, usinisukume. Ni habari ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, binti wa miaka saba tuliyemwita Kibonge kwa ajili ya mashavu yake. Nilimpenda yule mtoto kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu. Nilikuwa nafagia saluni, dada akaingia na kapu tupu, akajitupa kwenye kiti cha wateja na kujikazia macho kwenye kioo kana kwamba kioo ndicho kilichomkosea.

"Wamekula tena," akasema. "Kabichi za mstari wote wa mbele. Karoti nazo wamenyoa majani, wameniachia vishina."

Hao sungura hawakuwa wa porini. Jirani mmoja alihama, akafungua banda, akaenda zake. Wakazaana kwenye kiwanja kilichobaki wazi nyuma ya nyumba ya dada. Dada alishajaribu kila njia. Aliweka wavu, wakachimba chini yake. Alimwaga majivu, kisha pilipili, akaishia kupiga chafya mwenyewe. Shemeji akaleta mbwa. Siku ya pili tulimkuta mbwa kalala usingizi na sungura wawili wamejiegemeza ubavuni mwake, tukacheka mpaka tukashika mbavu.

"Kuna mwenzangu kaniambia nywele za binadamu," dada akaendelea. "Ukizitandaza kuzunguka mboga, sungura akinusa anajua kuna mtu, hasogei. Na wewe hapo unazo gunia zima."

Nilikataa. Aliyenifundisha kazi alikuwa akichoma nywele za watu kila jioni kabla ya kufunga, na mimi nikamfuata bila kuuliza sababu. Wiki ile mvua ilikuwa imejaza shimo la kuchomea, ndiyo maana nilikuwa nazikusanya kwenye gunia, nasubiri jua.

"Una mambo ya kizee wewe," dada akanicheka. "Takataka hizo. Nipe, mdogo wangu, nitakuletea spinachi."

Nikampa. Dada yangu huyo ndiye aliyenilea, ningemnyima nini? Mle ndani mlikuwa na nywele za wiki nzima. Za fundi baiskeli, zenye grisi. Za mwalimu mstaafu, nyeupe tupu. Za watu wengine ambao bado wanapita mtaani, na sitawataja. Na za Kibonge, niliyemkata Ijumaa kwa sababu shuleni walitaka nywele fupi. Zake zilikuwa na wekundu kidogo, kama za baba yake. Nilizifagia pamoja na za wengine, sikufikiria lolote.

Siku tatu halikuguswa hata jani moja. Siku ya nne dada akanipigia simu huku anacheka. Mboga zote ziko salama, akasema, ila nywele zimeondoka, labda upepo. Nilipopita kuangalia, udongo ulikuwa na alama za miguu midogo kila mahali, zinaingia na kutoka katikati ya kabichi. Hawakuonja hata karoti. Walikuja kuchukua nywele.

Nilijua kwamba sungura jike akikaribia kuzaa hujinyonyoa manyoya atandike shimo lake. Nikajisemea, basi wamepata godoro la bure. Nilijichekea peke yangu njia nzima.

Wiki iliyofuata fundi baiskeli alikuja saluni. Hakuja kunyoa. Alikuwa amevaa koti zito na jua lilikuwa kali.

"Kinyozi, nina baridi ya kichwa," akasema. "Baridi ya chini, kama ya kisimani. Na kuna vitu vinanilalia."

"Vitu gani?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Vidogo. Vinapumua."

Nilimtania kwamba aoe. Siku ya sita tulimzika. Tukiwa bado tunasimulia habari zake, mwalimu mstaafu naye akaanza kuvaa koti.

Mwalimu hakumaliza wiki. Siku aliyozikwa, dada alinishika mkono njiani tukitoka makaburini.

"Kibonge anasema ana baridi," akaniambia.

Tulimpeleka hospitali. Walipima damu, mkojo, kifua, wakasema mtoto hana tatizo. Mashavu yakaisha. Tukampeleka kwa mganga, mwanamke mmoja mtu mzima. Alinisikiliza mpaka nikamaliza habari ya gunia.

"Angekuwa mtu ameziiba, ningejua pa kwenda," akasema. "Hizi mmezitoa wenyewe. Kazitafuteni." Akasimama, akatufungulia mlango.

Tulianza asubuhi, mimi na shemeji, kila mtu na jembe lake. Dada alimkalisha Kibonge kwenye kiti mlangoni mwa jiko, juani, kamfunika mablanketi mawili. Tulichimba kabichi, tukachimba karoti, tukachimba spinachi. Bustani ambayo dada aliihangaikia mwaka mzima tuliimaliza sisi kwa saa mbili. Sungura hatukuona hata mmoja.

Shimo la kwanza tulilipata karibu na uzio. Lilikuwa la mviringo, saizi ya kichwa cha mtu, limetandikwa nywele vizuri kabisa. Nyeupe tupu. Hapakuwa na hata unywele mmoja mweusi. La pili lilikuwa na zenye grisi peke yake.

Walikuwa wamezichambua.

Nimenyoa watu kwa miaka kumi na tisa, na nisingeweza kuzichambua nywele zile. Nilishika la mwalimu, lilikuwa baridi. La fundi pia. Shemeji alitema mate, akaendelea kuchimba.

Ndipo Kibonge akaongea pale kwenye kiti. Macho alikuwa ameyafumba.

"Mjomba. Nasikia jembe."

"Sote tunalisikia, mjomba," nikamjibu.

"Hapana. Nalisikia kwa juu."

Dada akajiziba mdomo kwa kanga. Mimi nilielewa, na nakiri kwamba nilifurahi. Mtoto atatuelekeza. Tutampata.

"Uko wapi, mama?" shemeji akanong'ona.

"Huku. Upande wa ukuta. Wapo wanne. Hawana macho bado."

Tukahamia kwenye ukuta wa nyumba. Akasema tumekaribia. Akasema kushoto kidogo. Shemeji akatupa jembe asije akampiga, tukapiga magoti, tukachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa bado na maji ya mvua. Kucha zangu mbili zilingʼoka, nikaziona baadaye.

"Naona mwanga," Kibonge akasema. Alitabasamu, macho yamefumbwa vilevile. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu wiki ile, na dada akaanza kulia kwa furaha.

Shemeji akainama zaidi. Na mimi nikainama.

Udongo ukatitia.

Ilikuwa kidogo tu. Chini ya magoti yetu ardhi ilishuka kama kiganja, ikatulia. Uzito wetu. Watu wazima wawili juu ya shimo la sungura.

Kwenye kiti mtoto alikohoa mara moja. Akainua mikono kama anayesukuma kitu usoni. Dada akamfunua mablanketi, akamfungua mdomo, akaingiza kidole. Mdomo ulikuwa safi. Koo lilikuwa safi. Alikuwa amekaa juani, kwenye hewa yote hii, na hakuweza kuvuta pumzi hata moja.

Tulichimba kama wendawazimu. Nyuma yangu nilimsikia dada akisema, "Upesi, upesi, upesi," kwa sauti ndogo, halafu akaacha. Shimo lake hatukulipata. Palikuwa na udongo mtupu ulioshikamana, mpaka kwenye msingi wa nyumba.

Tulimzika kesho yake mchana. Shemeji alihamia kwa ndugu zake. Hakutaka kuyatazama magoti yake, wala mimi sikumlaumu. Saluni nimeifunga, watu wanadhani macho yananisumbua. Siku hizi nakaa kwa dada, maana hawezi kuachwa peke yake. Kila alasiri analala kifudifudi pale karibu na ukuta, sikio chini. Nilidhani ni huzuni tu, itapungua.

Juzi aliingia jikoni na ngumi amefumba. Akaifungua juu ya meza, mbele yangu. Kulikuwa na nywele chache zenye udongo. Alisema amezikuta pale anapolala, zimesukumwa juu kutoka chini.

Zilikuwa nyeusi zenye wekundu kidogo. Nikazinyoosha juu ya kidole changu, kwa mazoea ya kazi. Ijumaa ile nilimkata vipande visivyozidi pingili moja ya kidole, nakumbuka vizuri, mkono wangu haukosei. Hizi zilifika pingili ya pili.

"Wewe ndiye fundi," dada akasema. "Hapo zimeongezeka kwa muda gani?"

Nikazipima tena kwenye kidole.

"Miezi miwili," nikasema. Miezi miwili ilikuwa imetimia tangu tumzike.

Dada akazikusanya nywele moja moja, akazifunga kwenye pembe ya kanga.

"Basi bado anakua," akasema.

Akatoka kwenda ukutani. Nami nikamfuata na jembe, ingawa sijui nalipeleka kufanya nini.