Ukuta wa Darasa la Nne

Kila asubuhi Tusekile alichota maji, akafagia uwanja, kisha akaenda shule. Wiki ile hapakuwa na masomo. Kijiji chao, katika vilima vya nje ya Mbeya, kilikuwa kikisiriba darasa jipya. Mkaguzi wa shule angekuja Jumatatu. Akilikuta limekamilika, darasa la nne lingefunguliwa. La sivyo, watoto wangeishia la tatu. Tusekile alikuwa la tatu, na kuishia hapo hakutaka kabisa!

Kila nyumba ilipewa kipande chake cha ukuta. Mama yake, Paskalina, alimwachia udongo aukande kwa samadi ya ng'ombe, ili usipasuke ukikauka. Loo! Tusekile aliitazama samadi ile, akakunja pua. Alimkumbuka shangazi Evarista, aliyefanya kazi mjini: viatu vinang'aa, mikono inanukia sabuni. "Hayo ndiyo maisha," alijisemea. Basi akaukanda udongo kwa maji matupu, samadi akaitupa migombani.

Jumamosi jua lilipowaka, kipande chao kikapasuka, kikaporomoka. Mama aliokota bonge moja, akalinusa.

"Tusekile, samadi iko wapi?"

"Iko... iko migombani, mama." Machozi yalimtoka.

"Umeliponza darasa la watoto wote, mwanangu."

Wakati huo shangazi Evarista alikuwa amefika kutoka Mbeya kuliona darasa. Alisikia yote, akacheka, akavua viatu, akapandisha gauni na, mama alipomwaga samadi nyingine kwenye udongo, akaingia kwenye tope hilo kwa miguu yote miwili.

"Haya, wewe mwenye pua ya malkia, ingia!"

Tusekile aliingia. Majirani nao wakaja bila kuitwa, wakakanda huku wakiimba. "Ndaga, ndaga!" mama aliwashukuru. Jua lilipozama, ukuta ulikuwa umesiribwa upya.

Jumatatu mkaguzi aliugonga ukuta kwa fimbo. Hakikudondoka kitu.

"Fundi wenu ni nani?"

"Sisi!" kijiji kizima kiliitikia, na sauti ya Tusekile ilizidi zote.

"Basi, darasa la nne lifunguliwe."

Vigelegele vilipigwa! Tusekile akamvuta shangazi mkono.

"Shangazi, wewe wa mjini hukuona kinyaa?"

"Viatu vyangu vitachakaa, mwanangu, nitavitupa. Lakini ukuta huu wadogo zako watauegemea wakisoma. Anayefanya kazi na wenzake kwa uaminifu ameishi vizuri, awe mjini au shambani."

Tusekile aliinusa mikono yake. Bado ilinuka ng'ombe. Hakwenda kuiosha, alikimbia kuwaonyesha wenzake kipande chao cha ukuta.