Meza ya Wazazi wa Bwana Harusi

Feni ya duka la kuchapisha ilipogeuza shingo, viduara vyote vya karatasi vikaruka. Mpambaji wa kumbi alikuwa amevikata tangu asubuhi, kila kiduara meza moja, akivipanga juu ya ramani ya ukumbi pale kaunta huku watu wa foleni wakimpiga viwiko.

"Jamani, msinikanyagie meza!"

Mwanamume mrefu, shati la bluu limenyooshwa pasi mpaka mikononi, akachuchumaa akaviokota kimoja kimoja, akivipuliza vumbi.

"Dada, hii harusi ya sisimizi?"

"Cheka tu. Mama wa bibi harusi anabadili mawazo kila siku, na mimi nahamisha."

"Mimi natengeneza tovuti. Nikuandikie ukurasa, uwe unashika meza kwa kipanya na kuiburuta utakapo. Feni haitaiweza."

Wiki nzima alikuja alasiri kwenye chumba cha kazi cha mpambaji, akakaa kati ya marobota ya vitambaa. Hakuazima programu ya mtu. Kila mstari aliuandika mwenyewe, polepole, chai ikipoa pembeni. Mpambaji alipita na kurudi katika gauni lake la njano, pini zimechomekwa kolani. Fundi huyo wa tovuti akamwita Bi Haraka.

"Bonyeza, usiachie. Vuta taratibu, hivi. Sasa achia."

Meza ikahama kwenye skrini. Bi Haraka akapiga makofi, na kabla makofi hayajaisha alishajua kwamba anampenda mtu huyu.

"Umekula?" alimuuliza kwenye simu, kesho yake.

"Bado nafikiria nile nini."

"Tangu saa sita? Mpenzi, wewe utaoa ukiwa na mvi!"

"Inategemea nani anasubiri."

Alicheka peke yake, uso kautumbukiza kwenye vitambaa.

Ikaja harusi kubwa kuliko zote alizowahi kupamba. Alizipanga meza kwenye skrini, mama wa bibi harusi akiangalia, akahifadhi mchoro, akawatumia wafanyakazi wake. Siku yenyewe alishinda mlangoni na maua. Alipoingia ndani, wazazi wa bwana harusi walikuwa wamekalishwa ubavuni mwa mlango wa jikoni, sinia zikipita juu ya vichwa vyao. Mama wa bwana harusi alichukua mkoba wake akasimama. Bi Haraka akatamani ardhi ipasuke.

Alimpigia fundi akiwa stoo.

"Ile meza imehama! Niliiweka mbele kabisa!"

"Nimejaribu hapa mara ishirini. Kwangu inafanya kazi."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo. Labda ulikosea kuachia..."

"Labda nilikosea kukupokea. Usinipigie tena!"

Wateja wawili walivunja ahadi wiki ile. Hilo lilimuuma, lakini neno la fundi lilimuuma zaidi: mtu anayempenda alimwona hajui hata kuachia kidole. Akarudia mkasi na karatasi.

"Mbona unakata kwa hasira hivyo?" dada yake mkubwa alimuuliza.

"Siku tisa hajapiga!"

"Si ulimkataza?"

"Na yeye akakubali!"

Siku ya kumi fundi alisimama mlangoni, shati limekunjamana.

"Sijaja kujitetea. Naomba nikuangalie unavyozipanga. Siku zote nilikuonyesha mimi, sikuwahi kukutazama wewe."

Bi Haraka alikaa akamwonyesha kisogo, akafungua ukurasa. Aliivuta meza mpaka mbele kwa mkono wake mwepesi, akaachia. "Imekaa, umeona?" Akapeleka kipanya chini kuhifadhi, macho yake hayapo tena kwenye meza. Lakini kishale kilipoipitia, meza ikakiganda, ikakifuata ukumbi mzima, ikabaki mlango wa jikoni.

Fundi akashika kichwa.

"Niliiagiza meza peke yake ikisikilize kipanya. Mkono wako una kasi, kishale kinaiacha meza kabla hujaachia, kwa hiyo yenyewe inadhani bado umeishika. Ilitakiwa ukurasa mzima ndio usikilize. Mimi navuta polepole, nikapima kila kitu kwa mkono wangu. Nisamehe. Nitaenda kwa wazazi wa bwana harusi niwaambie kosa ni langu."

Alibadilisha mistari michache. Bi Haraka akavuta kwa kasi yake yote, akaachia, akazungusha kipanya huku na huku. Meza haikutikisika. Machozi yakamtoka, naye hakuyaficha.

"Mbona hukupiga?"

"Nilishika simu kila siku. Nilidhani nikikupigia nitakuudhi zaidi."

"Nilikuwa na hasira tu, Fundi wangu! Mimi nakupenda, na subira sina. Lini utakuja kwa baba? Mwakani?"

Fundi akashusha pumzi ndefu, kama kawaida yake.

"Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Baba mdogo na shangazi wameshakubali kunisindikiza. Niliwaomba siku ya tatu ya ugomvi wetu, nikabaki natafuta namna ya kukuambia."

Bi Haraka akakodoa macho.

"Jumamosi hii? Mbona mapema hivyo? Sina hata gauni!"