Ruta Mbili kwenye Ploti Moja

Jumamosi asubuhi, kila mtu katika ploti yao, jengo la kupanga huko Kariobangi, alikuwa na shughuli yake. Juu ya paa watu walianika nguo. Chini, Matheka alipiga msasa vinyago vyake katika karakana ndogo nyuma ya ngazi. Binti yake, Kavinya, alikuwa akiosha vikombe vya chai. Ndipo sauti ikatoka ghorofa ya pili.

"Kavinya! Net imelala tena!"

Alikuwa Jacklyne, mpangaji wa huko. Kavinya aliacha vikombe, akapanda ngazi mbio.

Kavinya anasomea mitandao ya kompyuta katika chuo kidogo karibu na soko. Ndiye aliyewashawishi wapangaji watumie laini moja ya intaneti. Ndiye aliyeweka ruta kubwa, kifaa cha kugawa intaneti, ghorofa ya tatu, akavuta waya mpaka kila ghorofa na chini, na mwisho wa kila waya akaweka kisambaza waifai. Ilikuwa kazi yake ya kwanza, na aliipenda sana. Lakini wiki hiyo ilikuwa ikimwaibisha. Mmoja alipata intaneti, jirani yake akakosa. Simu iliyofanya kazi asubuhi, jioni ilionyesha kwamba waifai imeshika, lakini hakuna kitu kilichofunguka.

Alipofika ghorofa ya tatu, alimkuta Mutie, mwangalizi wa ploti, amesimama mbele ya ruta. Mkononi alikuwa na pini.

"Wacha nibonyeze hapa nyuma," alisema Mutie. "Hii dawa haikosi."

Hapa lazima niseme, maana jambo hili linaniudhi. Mitaani kwetu ruta ikisumbua kidogo tu, mtu anatafuta pini. Kile kitufe cha ndani ya kishimo hakitibu ruta. Kinafuta kila kitu ilichowekewa. Jina la waifai linapotea. Nywila inapotea. Maelezo ya kampuni ya intaneti yanapotea. Kuzima ruta na kuiwasha hakufuti kitu, lakini pini ni mambo mengine kabisa.

"Mzee Mutie, toa hiyo pini," Kavinya alisema.

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe, na kwa heshima. Ukibonyeza hapo, ploti nzima inakosa."

Mutie alirudisha pini mfukoni, lakini alikasirika. "Sawa. Kesho tukitoka kanisani wapangaji wanakutana. Kuna fundi nimepata. Amesema hii ruta imekufa. Ataleta nyingine, na yeye ndiye ataiangalia. Wewe rudi kwa vitabu zako. Hii kazi si ya wasichana."

"Huyo fundi ameiona ruta?"

"Ataiona akija."

"Kumbe anatangaza kifo na hajaona maiti!" Kavinya alisema. "Mwambie asijisumbue. Hii kazi siiachi."

Alisema kwa sauti kubwa. Lakini aliposhuka ngazi, alijua hajagundua shida iko wapi. Asipoigundua, kesho wangemnyang'anya kazi yake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Adhiambo wa ghorofa ya kwanza. Adhiambo anatunza mtandao wa ghala moja huko Industrial Area. Alikuwa ameketi akikata sukuma wiki.

"Auntie, tafadhali njoo uniangalizie ruta."

"Siji," alisema Adhiambo.

"Auntie!"

"Nikija nikitengeneza, kesho watasema ni Adhiambo alitengeneza. Kaa hapo. Nani anapata net, na nani hapati?"

"Sijauliza vizuri."

"Sasa wiki nzima umekuwa ukifanya nini?"

"Nazima, nawasha."

Adhiambo alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Basi wewe na Mutie mko darasa moja! Sikiza. Usianze na dawa. Anza na maswali. Leta simu inayopata na simu isiyopata."

Kavinya alileta simu ya Jacklyne, iliyokuwa imekataa. Yake mwenyewe ilikuwa ikipata.

"Fungua mipangilio ya waifai," alisema Adhiambo. "Simu ikiingia kwenye mtandao, ruta huipa anwani, kama namba ya nyumba. Pia huionyesha lango, yaani njia ya kutokea kwenda intaneti. Soma yako."

"Anwani ni 192.168.1.114. Lango ni 192.168.1.1."

"Hilo lango ni nani?"

"Ni ruta yetu. Niliiseti mwenyewe."

"Soma ya Jacklyne."

"Anwani 192.168.0.103. Lango 192.168.0.1." Kavinya aliisogeza simu karibu. Akasoma tena. "Auntie, hili lango silijui."

"Umeona? Ruta yako haijafa. Kuna ruta ya pili ndani ya ploti hii, na yenyewe inagawa anwani. Simu ikiomba anwani, inachukua ya ile inayojibu kwanza. Ikijibiwa na yako, inapita. Ikijibiwa na ile ngeni, inaonyeshwa lango ambalo halina njia ya kutokea."

Kavinya aliruka. Hasira na furaha zilimjia pamoja. "Nitaipataje?"

"Chomoa waya mmoja, pima, rudisha. Halafu mwingine. Ukichomoa miwili pamoja, hutajua ni upi."

Kavinya alipanda ghorofa ya tatu na kompyuta yake. Aliizima waifai na kuiwasha mpaka nayo ikapewa anwani na ruta ngeni. Kisha akaandika amri inayoitwa ping. Amri hiyo hukiuliza kifaa kama kipo, nacho hujibu. Aliielekeza kwa 192.168.0.1. Majibu yakaanza kuja.

Alichomoa waya wa ghorofa ya pili. Majibu yakaendelea. Akaurudisha. Akachomoa wa ghorofa ya kwanza. Yakaendelea. Akaurudisha. Alipochomoa waya wa chini, majibu yakakatika. Alipourudisha, yakaanza tena.

Aliufuata ule waya kwa mkono, ngazi baada ya ngazi. Kando ya mlango wa Mutie, kwenye kisambaza waifai cha chini, mtu alikuwa amechomeka waya mwingine, nao uligeuka nyuma ya ngazi, ukaingia katika karakana ya baba yake. Huko, chini ya rafu, katikati ya maranda ya mbao, kulikuwa na ruta kuukuu ikimetameta taa.

"Baba! Hii ni nini?"

Matheka aliacha msasa. "Ni yangu. Waifai yenu haifiki humu, ukuta ni mnene. Siku hizi mteja anataka kuona kazi kwa video kabla hajanunua. Nilipata hii kwa mafundi wa jua kali. Ilikuwa na nywila ya mtu, nikaibonyeza na pini."

"Ungeniambia, Baba."

"Nikuambie? Nilikuuliza juzi kama waifai inaweza kuletwa huku. Ulijibu nini?"

Kavinya alikumbuka. Alikuwa amemjibu, "Baba, wewe shughulika na mbao." Aliona aibu kubwa. Maneno yale hayakuwa na tofauti na ya Mutie.

"Nisamehe, Baba," alisema.

Aliichomoa ruta ile kwenye waya. Simu zote zilizokuwa zimekwama zikaunganishwa upya, na ploti nzima ikapata intaneti. Lakini karakana ya Matheka ikabaki bila kitu.

Habari katika ploti hazijifichi. Jumapili wapangaji walipokusanyika juu ya paa, Mutie alikuwa tayari.

"Tumejua adui," alisema. "Matheka ndiye alituharibia net. Hiyo takataka yake itupwe. Na binti yake aachie fundi kazi. Watu wa nyumba moja hawawezi kutuchezea hivi."

Matheka aliinuka. "Ni mimi, sikatai. Nitaitupa mwenyewe. Msimnyang'anye mtoto kazi yake."

"Hapana!" Kavinya alisema. Alikuwa ameipakata ile ruta kuukuu na kompyuta yake. "Haitupwi. Ruta hii haina kosa. Haikusetiwa vizuri, basi. Baba naye analipa kama sisi sote. Kwa nini yeye akose?"

"Utaleta shida tena!" Mutie alisema.

"Tazama kwanza, halafu useme."

Aliunganisha kompyuta na ruta kwa waya mfupi. Akafungua ukurasa wa mipangilio kwa nywila ya kiwandani iliyobandikwa chini ya ruta. Alisema kila alichofanya, ili wote wasikie.

"Hii DHCP ndiyo kazi ya kugawa anwani. Kwenye ploti moja, mgawaji awe mmoja, na huyo ni ruta ya juu. Kwa hivyo hapa naizima. Sasa naipa ruta hii anwani yake, 192.168.1.2. Siipi ile ya 1, kwa sababu ni ya ruta kubwa. Tena ruta kubwa inagawa kuanzia 100, kwa hivyo hazitagongana. Nabadilisha nywila ya kiwandani, kwa maana kila mtu anaijua. Nahifadhi."

"Na waya?" aliuliza Matheka.

"Waya wetu tunauchomeka kwenye moja ya haya matundu manne yanayofanana. Hili la rangi tofauti, la kupokea intaneti ya kampuni, tunaliacha wazi."

Walishuka wote mpaka karakana. Kavinya alichomeka waya. Taa zikawaka.

"Sasa kila mtu azime waifai, aiwashe, asome anwani yake," alisema.

Watu wakainamia simu. "Moja, nukta, mia na kumi!" Jacklyne alipaza sauti. "Yangu pia ni ya moja!" akajibu mwingine. Hakuna aliyesoma ya sifuri. Adhiambo alisimama mlangoni amekunja mikono. Matheka alimpigia video mteja wake wa mtaa wa Baba Dogo, na sura ya yule mteja ikatokea safi, haikwami.

"Geuza hicho kinyago nione mgongo," mteja alisema, na Matheka akakigeuza polepole, huku akitabasamu.

Mutie alitazama simu yake. Nayo ilikuwa ikipata.

"Na siku ikiharibika tena?" aliuliza.

"Itaharibika tu, Mzee Mutie. Hakuna mtandao usioharibika," Kavinya alisema. "Siku hiyo utaniita mimi. Usimwite mtu mwingine."

Mutie alisogea pembeni, akampigia fundi wake simu. Wote walimsikia akimwambia asije.